Nilikwenda Nyamongo kutafuta mdudu, nikaulizwa bei

Kuna wanaokusanya stempu. Kuna wanaokusanya picha za wachezaji wa Simba na Yanga. Na kuna mshikaji wangu mmoja wa Kirumba ambaye yeye anakusanya madeni tu. Mimi, msomaji, nakusanya mawe. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Kwa mtu wa Mwanza si ajabu sana. Tumezaliwa juu ya mawe, tumejenga juu ya mawe, na wengine miadi yetu ya kwanza ilikuwa nyuma ya jiwe. Lakini mawe yangu si yale ya mlimani. Chini ya kitanda changu kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kuna vipande kumi na saba, kila kimoja kimeviringishiwa gazeti na kuandikwa kilikotoka na tarehe. Bi mkubwa aliwahi kukitupa kimoja akidhani ni uchafu, tukanuniana siku mbili. Na kimoja kati ya hivyo ndicho kilichonipeleka Nyamongo.

Hicho nilipewa na jirani yetu aliyekwenda kusoma Moroko. Wenzake walirudi na viatu na manukato, yeye akarudi na jiwe la ukubwa wa kiganja, na juu ya jiwe amelala mdudu. Si mchoro wa mdudu. Mdudu mwenyewe, mgongo pingili pingili, macho mawili yametokeza kama ya kaa, miiba imesimama. Amegeuka jiwe. Jina lake trilobiti. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nawasha taa kila saa kumwangalia.

Kwa wale waliokuwa wanatoroka kipindi cha baiolojia, nieleze kidogo. Trilobiti alikuwa mnyama wa baharini, wa ukoo mpana wa kaa, kamba, nge na buibui. Mgongo wake umegawanyika mafungu matatu kwa urefu, moja la kati na mawili ya pembeni, na hapo ndipo lilipotoka jina. Alitokea duniani miaka milioni 520 hivi iliyopita na akatoweka kabisa miaka milioni 250 hivi iliyopita, kabla dinosaria wa kwanza hajaonekana. Aina zilizokwisha kuandikwa na wataalamu zinapita 20,000. Wako wadogo kama punje ya mtama, na yuko mmoja aliyepatikana Manitoba, Kanada, mwenye urefu wa zaidi ya sentimeta 70. Huyo ukimkuta jikoni unahama nyumba. Wengi walijua kujikunja kama jongoo ukimgusa, na wako waliokufa hivyo hivyo wamejikunja, leo wanaokotwa kama gololi. Tena walikuwa wanajivua gamba kadiri wanavyokua, kwa hiyo mnyama mmoja aliweza kuacha visukuku vingi. Ila kinachonimaliza mimi ni macho. Lenzi zake zilikuwa za madini, kalisaiti, yale yale yanayofanya mawe ya chokaa. Mdudu anatazama kwa jiwe!

Hobi hii ina wenyewe duniani. Kule Utah, Marekani, kuna machimbo ambako unalipa kiingilio, unapewa nyundo, unapasua mawe ya tabaka kama anayefunua kurasa za kitabu, na unachopata ni chako. Kabla ya Wazungu hawajafika, Waute, wenyeji wa huko, walikuwa wakiwatoboa trilobiti na kuwavaa kama hirizi. Mji wa Dudley, Uingereza, uliwahi kumweka trilobiti kwenye nembo yake. Hebu fikiria Mwanza ingeweka mende.

Basi mimi na elimu yangu ya kidato cha nne nikapiga hesabu. Trilobiti wako ndani ya mawe ya zamani. Nyamongo wanachimba mawe ya zamani mpaka chini kabisa. Kwa hiyo Nyamongo kuna trilobiti. Hesabu safi, tena ya kimantiki. Ilikuwa na kosa moja tu, nalo nitalieleza.

Nilikuwa na mwenyeji. Kuna mshikaji niliyesoma naye, ambaye shuleni tulimpachika jina la Mura kwa sababu yeye kila mvulana alimwita mura, kama ilivyo kawaida ya Wakurya. Kwao ni Nyamongo. Nikampigia simu, nikamwambia nakuja kutafuta mawe. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Njoo, mura. Lakini usimwambie mtu kwenye basi."

Nikadhani anatania.

Safari yenyewe haina makuu. Unatoka Mwanza, unapita Magu, Lamadi, Bunda, unavuka Mto Mara pale Daraja la Kirumi ambako mafunjo yametanda mpaka unasahau kama chini yake kuna maji, unapita Utegi, unaingia Tarime. Mto Mara ni ule ule wa nyumbu na mamba kwenye picha za watalii, na kabla ya kufika Kirumi unakuwa umekwisha kupita jirani na Nyamongo. Tarime nikashuka, nikapanda gari dogo la abiria kupitia Nyamwaga. Tulibanana mle ndani, na kuku wawili ambao kusema kweli walikaa vizuri kuliko mimi. Begi langu nimelipakata. Ndani kuna nyundo ndogo, lenzi ya kukuzia, magazeti ya zamani, na trilobiti wangu kwenye soksi.

Nyamongo si kijiji kimoja. Ni jina la eneo lenye vijiji kadhaa: Nyangoto, Kewanja, Matongo, Kerende na vingine, upande wa Tarime, na ukivuka Mto Mara umeingia Serengeti. Nchi yenyewe inapendeza, ina miinuko, migomba, muhogo, mtama, ng'ombe wenye afya. Kwa mbali ukaona kilima kirefu, juu bapa kama meza. Nikamwuliza dereva kilima kile kinaitwaje. Akacheka na gari zima likacheka naye.

"Kile si kilima, kaka. Kile ni kifusi."

Ni mawe yaliyotolewa kwenye mashimo ya mgodi wa North Mara, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002. Wamiliki wamebadilika badilika. Barrick waliingia mwaka 2006, na tangu makubaliano yaliyofuata mwaka 2019 serikali yetu nayo ina asilimia 16. Mashimo yana majina ya kwetu kabisa: Nyabirama, Nyabigena, Gokona. Nikakitazama kile kilima kisicho kilima, mate yakanitoka. Mawe yote yale yamekwisha kupasuliwa, kazi yangu ni kuokota tu!

Nilipokelewa vizuri. Mama yake Mura nikampa shikamoo, akanijibu marahaba na kuniuliza habari za wazee wangu mmoja mmoja kana kwamba anawafahamu. Jioni tukala ugali wa muhogo na mtama na nyama ya kichuri. Msomaji, kama hujala kichuri sina namna ya kukueleza. Ule uchungu unakujia kwanza, unajuta, halafu unaomba uongezwe.

Asubuhi nikatoka peke yangu, Mura alikuwa bado amelala. Nyundo mkononi, begi mgongoni, nimevaa kofia kama profesa. Njia ya nyuma ya nyumba ina mawe ya kila aina. Nikachuchumaa, nikachagua moja la kijani-kijani, nikaligonga. Ko! ko! ko! Nikaokota kipande, nikakitazama kwa lenzi. Nilipoinua kichwa nikakuta nina watazamaji saba. Mmoja ana bodaboda, ameizima kabisa ili asikie vizuri.

"Imo?" akauliza.

"Nini?"

"Kaka, imo au haimo?"

Nikamwambia mimi sitafuti dhahabu, natafuta mdudu. Kimya kikapita. Mama mmoja aliyebeba ndoo akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "Mdudu ndani ya jiwe." Wakatazamana. Yule wa bodaboda akanisogelea na kuninong'oneza, "Ficha hiyo nyundo. Sina ubaya na wewe, lakini ifiche."

Ndipo Mura akatokea mbio, shati mkononi. Hakunigombeza pale. Alinishika bega kama tunapiga stori, tukarudi nyumbani, mlango ukafungwa, ndipo nikaisikia.

Kwa Mwanza, mtu mwenye nyundo na begi la mawe ni mwendawazimu au mwanafunzi. Kwa Nyamongo ni mmoja kati ya watatu: mvamizi, mnunuzi wa magendo, au mtu aliyetumwa kuwachunguza wavamizi na wanunuzi. Wavamizi ndio vijana wanaoingia kwenye eneo la mgodi, mara nyingi usiku, kuokota mawe yenye dhahabu kwenye vifusi. Kukutwa na madini bila leseni ni kosa kisheria, hilo nchi nzima. Lakini hapa hadithi inakwenda mbali kuliko faini. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini baada ya kundi kubwa kuvamia, na huo haukuwa mwanzo wala mwisho wa misiba ya namna hiyo. Mura alinihesabia kwa vidole vijana anaowafahamu yeye mwenyewe. Alipofika mkono wa pili nikamwambia basi.

"Wewe unasema hobi," akaniambia. "Sawa. Lakini jiwe la huku halijui hobi."

Mchana ule nikabaki ndani kama mwari. Kwa kukosa kazi nikaanza kusoma kwenye simu juu ya mawe ya Nyamongo, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya kabla ya kukata tiketi. Ndipo nikakutana na lile kosa la hesabu yangu.

Mawe ya Nyamongo ni ya mkanda wa kale unaopita Musoma na Mara, mawe ya volkano na mashapo yaliyokandamizwa na kupikwa mpaka yakageuka rangi ya kijani. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Soma tena, msomaji, bilioni. Wakati trilobiti wa kwanza anafumbua yale macho yake ya jiwe, mawe ya Nyamongo yalikuwa yamekwisha kaa hapo miaka bilioni mbili hivi. Yalipoumbika hapakuwa na mdudu duniani, hapakuwa na samaki, hapakuwa na jani. Vilikuwepo vijidudu vya chembe moja visivyoonekana kwa macho, basi. Dhahabu yenyewe ililetwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa na kuganda pamoja na yale mawe meupe kama maziwa, kwatsi. Kumtafuta trilobiti pale ni kama kutafuta picha ya babu kwenye albamu ya kabla hajazaliwa baba yake.

Na usidhani nilikosea wilaya tu. Tanzania mawe ya enzi za trilobiti yapo, mfano kule bonde la Ruhuhu, Songea na Ludewa, lakini yaliwekwa na mito na madimbwi, si bahari. Ndiyo maana yanatoa mkaa wa mawe na mifupa ya wanyama wa nchi kavu. Mawe yetu ya baharini yenye konokono wa kale, kule Tanga na Kilwa, yaliumbika trilobiti wakiwa wamekwisha kufa wote. Mdudu wangu hakuwahi kututembelea.

Nikacheka peke yangu. Mama akachungulia kuuliza kama naumwa.

Jioni akaja mzee mmoja jirani. Mzee huyu alichimba Nyamongo miaka ya themanini na tisini, enzi za maduara, kabla mgodi mkubwa haujaja. Vidole vyake vimekakamaa, viwili havikunji. Mura akamwambia kwa utani kwamba mgeni ana mdudu. Nikamtoa trilobiti kwenye soksi.

Kwanza hakumtazama. Alimpima uzito, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akalamba kidole, akalowesha upande wa jiwe, akaligeuza kwenye jua la magharibi. Akaomba lenzi yangu. Na mimi nikajisogeza nikijiandaa kumpa somo la miaka milioni 520.

"Hili jiwe umelinunua?" akauliza.

"Nimepewa, mzee."

"Aliyekupa alinunua bei gani?"

"Sijui."

"Alipigwa." Akanisogezea. "Ona hapa mgongoni. Hili ni jiwe la kweli, na huyu ni mnyama kweli, sibishi. Lakini hii miiba? Ona vitobo hivi. Vya mviringo, vidogo, vimejaa. Hilo ni povu. Gundi ndiyo inatoa povu namna hii, imechanganywa na unga wa jiwe. Na huu mstari hapa, rangi inabadilika ghafla. Jiwe likipasuka, ufa unapita kwa mnyama na kwa jiwe. Huu umefika kwa mnyama ukasimama. Wameunga."

Akachukua pini ya mama, akaipasha kwenye kaa la moto, akaigusisha kwenye mwiba mmoja. Harufu ya plastiki ikajaa uani.

Msomaji, mzee yule hajawahi kumwona trilobiti maishani mwake. Kamaliza kazi kwa dakika tano. Mimi nimelala na kitu kile miaka miwili na lenzi ninayo.

Baadaye nilisoma kwamba ni jambo la kawaida. Kule Moroko kuna miji kama Alnif na Erfoud ambako watu wengi wanaishi kwa kuchimba trilobiti jangwani kwa mkono na kuwauza. Wako mafundi wa kweli wanaokaa saa nyingi mno wakimsafisha mdudu mmoja mwiba kwa mwiba, na wako wanaomalizia kwa gundi, na wako wanaomwaga mdudu mzima kwenye kalibu kama matofali. Mchimbaji anauza kwa senti, dalali ndiye anayekula. Nilipomweleza mzee habari hiyo alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe nao wana Nyamongo yao."

Pale uani alikuwepo mdogo wake Mura, dogo wa darasa la sita ambaye tangu nifike alikuwa hasemi kitu. Mzee alipoondoka, dogo akanivuta shati, akanipeleka nyuma ya banda la kuku. Akafukua. Kopo la mafuta ya kupikia. Ndani ya kopo, mawe.

Nilihisi kama nimekutana na ndugu yangu wa tumbo moja. Jiwe jeupe linalopitisha mwanga. Jeusi linalong'aa kama limepakwa mafuta. Moja lenye mistari myekundu na ya kijivu. Na kito cha kung'aa chenye pembe kamili, mchemraba kama dadu, rangi ya njano.

"Hiyo si dhahabu," akasema haraka kabla sijauliza. "Dhahabu haina pembe, na ukiigonga inabonyea. Hii ukiigonga inavunjika. Naipenda tu."

Naipenda tu! Siku mbili Nyamongo, na hilo lilikuwa neno la kwanza juu ya jiwe lisilo na bei ndani yake. Nikamwambia kwamba kito chake kinaitwa pairaiti, wengine wanaiita dhahabu ya wajinga, lakini wajinga ni hao waliolipa jina. Maana karibu na mji wa Rome, jimbo la New York, mwaka 1892 walipatikana trilobiti ambao miili yao ilikuwa imegeuka pairaiti tupu. Kwa kawaida trilobiti anabaki gamba la mgongo tu. Hao walibaki na miguu, na papasio za kichwani, vitu laini ambavyo huoza. Profesa Beecher wa Yale akawachimba, na kwa mara ya kwanza watu wakaona vizuri miguu ya trilobiti ilivyokuwa. Kwa ajili ya madini haya haya ya dogo.

Dogo akakitazama kito chake upya. Akaniuliza kama kuna shule ya mawe. Nikamwambia ipo, Dodoma kuna Chuo cha Madini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha jiolojia. Akarudia "jiolojia" mara tatu ili asilisahau.

"Mbona umeyafukia?"

Akatazama nyumba. Kumbe mama alikuwa amesimama mlangoni siku zote. Hakukasirika. Alikuja akakaa juu ya kinu, akaniambia kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, wewe ni mgeni, sikulaumu. Kaka yao wa katikati umemwona anavyotembea. Jiwe lilimporomokea usiku kwenye kifusi, mimi nadhani yuko kitandani. Jiwe limeshakula mguu wa mwanangu mmoja. Sasa huyu naye naona anaokota. Anasema anayapenda tu. Mimi najua anayapenda tu. Lakini akikutwa na kopo lile, nani atamsikiliza? Watasema mzazi amemtuma."

Sikuwa na jibu. Mimi bi mkubwa wangu akitupa jiwe nanuna. Huyu akitupa jiwe anaokoa mtoto. Na hapo hapo, ng'ambo ya ua, nilikuwa nasikia kinamama wanatwanga mawe kwa vyuma, twa, twa, twa, kazi ya kutwa nzima kwa kutafuta chembe, na kila mmoja wao pengine ana jicho la yule mzee. Vipaji vya kusoma jiwe vimejaa Nyamongo, msomaji. Nafasi ya kuliangalia jiwe bila kuulizwa bei ndiyo hamna.

Usiku ule, mimi, Mura na dogo tukakaa na ile simu tukitafuta mahali pa karibu ambapo visukuku vipo. Na vipo! Karungu, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, kaunti ya Migori. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Nyamongo haifiki kilomita 100. Tena sikiliza ilivyogunduliwa: mwaka 1909 mtafuta dhahabu mmoja Mzungu alikuwa anapekua mawe ya huko, dhahabu akakosa, akakuta mifupa imegeuka jiwe. Ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Pigott akaendelea kuikusanya, na inasimuliwa kwamba yeye akaishia mdomoni mwa mamba. Mwaka 1911 akaja Felix Oswald kutoka Uingereza kuchimba kwa mpango. Mojawapo ya mifupa ilikuwa ya tembo wa ajabu, pembe zake zimetoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, kama jembe. Mbele kidogo ni kisiwa cha Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la Prokonsuli, nyani wa kale asiye na mkia, miaka kumi na moja kabla ya kupata fuvu la zamadamu kule Oldupai.

Dogo akauliza kama mtafuta dhahabu yule alikamatwa. Mura akacheka mpaka akakohoa.

Nilimwambia dogo, na wewe msomaji nakwambia, mifupa ya namna hiyo haiokotwi. Kwetu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya wana yao ya mwaka 2006, huchimbi wala hubebi bila kibali. Ukikuta, piga picha, andika mahali, toa taarifa makumbusho. Lakini kutazama hakuna sheria inayokataza. Konokono, majani, mfupa uliochungulia kwenye ukingo wa korongo, unatazama mpaka macho yachoke, na hakuna anayekuuliza kama imo au haimo.

Siku ya kuondoka dogo akataka kunipa ule mchemraba wa pairaiti. Nikaupokea, nikaushika, nikaufikiria ule ukaguzi unaoweza kutokea njiani na mimi kueleza kwamba hii ni dhahabu ya wajinga. Nikamrudishia. Badala yake mimi nikamwachia lenzi. Trilobiti pia nilitaka kumwachia, akakataa, akasema wa gundi hamtaki. Nimerudi naye Mwanza kwenye soksi yake. Nimemwandikia karatasi mpya: Moroko, mgongo wa kweli, miiba ya uongo, kakaguliwa Nyamongo.

Tumepatana na Mura kwamba shule zikifungwa tunakwenda Karungu watatu, tunapitia Sirari kwa vibali halali, bila nyundo. Mama alikuwa bado hajakubali. Juzi akanipigia simu mwenyewe, nikajua ni kukataa. Kumbe alikuwa analalamika kuhusu lenzi. Tangu niondoke dogo amejipa kazi ya kuchambua mchele wa nyumba nzima, punje moja moja chini ya lenzi, na chakula kinachelewa kila siku.

"Lakini mawe hatung'ati tena," akasema. "Hiyo Karungu ni nauli kiasi gani?"